Uboho Umeshika

Mwanangu,

Jirani aliwahi kuniuliza, "Huyu wako anayelala mpaka jua la utosini atamfaa nani?"

Leo asubuhi daktari amepiga simu. Uboho wa dada yako, ule wa ndani ya mifupa, uligoma kutengeneza damu, lakini huo uliompa wewe umeshika, unatengeneza! Nimepiga magoti hapo hapo jikoni kumshukuru Mungu, uji ukamwagika.

~~Amka mapema ufue mashuka.~~ Lala, baba. Ukiamka oga, uje wodini. Maua usilete, hayaruhusiwi. Ukiwa na mafua, baki. Na dada yako akianza kulala mpaka mchana, nitajua damu hiyo kaitoa wapi!

Jirani alikuja kuomba kiberiti, nikampa. Nikamwambia, "Mlalaji wangu ndiye kampa dada yake damu." Akarudisha kiberiti mezani, akatoka.

Mama