Goti la Mama Salma na mitaa ya Regensburg

Jumamosi, Malvern

Na hao wanaoandika mtandaoni kwamba mji wa Regensburg una "njia rahisi za kutembea" hawasemi rahisi kwa goti la nani. Nimeshazipitia picha za Regensburg mtaa kwa mtaa, hadi lile daraja la mawe juu ya mto Danube. Natafuta mabenchi tu. Makanisa nitayaona nikifika.

Salma, binti yetu, anasoma huko na anatungoja. Lakini mama yake hakubali kwamba goti linamuuma, na nikithubutu kutaja kiti cha magurudumu, hasafiri.

Leo nimempeleka kufanya mazoezi ndani ya jumba la maduka, maana nje ni barafu tupu. Tumetembea vizuri, ila kila baada ya maduka mawili anasimama kutazama dirishani. Viatu, simu, hata chakula cha mbwa.

"Unataka kufuga mbwa?"

"Baba Salma, siku hizi kutazama nako ni dhambi?"

Nikautazama mkono wake. Ulikuwa umeukamata ukingo wa dirisha, vidole vimekaza. Kumbe anapumzisha goti.

Nikaanza kukisifia chakula cha mbwa.

Sasa nimezirudia picha, mabenchi nimeachana nayo. Mji mzima watu wamesimama, mbele ya minara, sanamu, milango mikuukuu, na hakuna anayeulizwa kwa nini.

Kesho nakata tiketi. Halafu nitajifunza hadithi moja ya kila ukuta, ndefu kiasi cha goti kupoa.