Gome la Mzambarau Wetu

Utende, Jumapili ya kwanza baada ya Idi

Bibi yangu, shikamoo.

Leo nakueleza yote, hata yale ambayo Mama ameniambia nisikusumbue nayo.

Tangu ututoke, mzambarau wa nyuma ya jiko umezaa mara moja, nami nimeingia kidato cha tatu. Mwalimu wa kemia alitutaka kila mmoja achunguze mmea wa nyumbani. Nikachagua gome lako, lile ulilowachemshia watoto wenye kuharisha.

Mara ya kwanza nililichemsha kwenye kopo lenye kutu. Maji yakawa meusi tii! Wenzangu wakacheka: "Mpishi wa wino huyo!" Hapo nikakumbuka ulivyokuwa ukinipigia kelele: "Mke mwenzangu, chungu! Chuma kinagombana na dawa." Mwalimu akasema ugomvi huo ndio kipimo chenyewe: gome lina tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi, na tanini ikikutana na chuma hugeuka nyeusi. Nikarudia kwa chungu, nikatia tone la kloridi ya chuma, na weusi ukaja mbele ya macho yao. Hakuna aliyecheka. Maji ya zambarau nayo yalikuwa mekundu kwa ndimu; kwa magadi yakaelekea buluu. Gome na tunda, vyote vina jamaa wa ukoo mmoja, polifenoli.

Sasa nimechaguliwa kwenda kuionyesha kazi hii kwenye maonyesho ya sayansi ya shule, Kilindoni, Jumamosi. Mjomba amekataa. Anasema dawa ya nyumba hii hutolewa kwa idhini ya mwenyewe, na wewe uliondoka bila kuniachia idhini hiyo. "Unataka kuianika kama dagaa?" Mama akaendelea kuchambua mchele.

Mimi, Bibi, nilisimama mbele yake. Nilimjibu kwa adabu, lakini nilimjibu. Ulitibu watoto wa Jibondo na wa Bwejuu bila kuuliza ni wa nani. Dawa inayofichwa itazikwa pamoja nasi. Nitakwenda! Jina lako litatangulia langu, na sitasema gome linaponya kila kitu, kwa sababu hilo sijalipima.

Nimekusomea Yasini asubuhi. Pumzika, Bibi. Mti nitaulinda, hakuna atakayeumenya gome kuzunguka shina lote ukafa, nami nipo.

Ila nijibu, hata ndotoni. Siku ile mkono wako ulipotetemeka, ukanipa kisu, ukaniambia nisome Bismillahi nikate gome mwenyewe: ile ndiyo ilikuwa idhini yangu, au ulikuwa umechoka tu?