Page Yangu Ilisema Mama Yake Hayuko

Mama Mushauri mupendwa, nakuandikia nikiwa nimechoka, unisaidie kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni Gisubizo wa Murara. Kanisa letu liliniomba page ya internet ya kutafutia watu waliopoteana wakati wa kukimbia vita, inaonyesha picha za wote walio kambini na jina chini ya kila picha, na mimi, juu ya kuogopa vitu visivyo jina viingie kwa nafasi ya jina, nikaweka typeof, ile neno ya JavaScript inayouliza kama kitu ni maandishi, na kisichokuwa maandishi page inakitupa kimya. Kumbe kule kambi ya Kibati wazee wagonjwa walioshindwa kusema jina waliandikiwa tu namba ya bâche, ile hema ya plastiki wanamolala, basi page, juu namba kwake si maandishi, ikawatupa wote, watu makumi ine na mumoja. Mama Léocadie wa Mabanga alikuja mara tatu, tukaangalia picha zote pamoja, mama yake hayuko, nikamwambia pole, akarudi kwake akaweka kilio kama mama amekufa. Juzi nimefungua liste yenyewe, mama yake huyu hapa, sura ileile ya picha Léocadie aliyokuja nayo, bâche 112! Lakini picha ni ya miezi miwili, sijui kama angali muzima. Papa Télesphore, mukubwa wa komite ya kanisa, anasema ninyamaze, watu hawataamini tena liste yetu, na kama muzee amekufa nitamufanya Léocadie alie mara ya pili. Nifanye nini?

Gisubizo mwanangu, pole. Mimi pia nimechoka, kila juma mutu ananiuliza kama aseme ukweli.

Kuuliza kama kitu ni maandishi si kosa. Kosa ni kutupa bila kuambia mutu. Mugeni akifika kwako hana karatasi, utamufukuza kisha useme hakuna aliyekuja? Hata! Ikiwa ni namba, page iigeuze maandishi na kuionyesha. Ikiwa ni kitu kingine, ikiweke pembeni, mutu akiangalie kwa macho yake. Na wale wengine wote uwarudishe leo leo, kila mumoja ana mutu anayemutafuta.

Papa Télesphore namuheshimu, lakini liste inayoficha watu, nani ataiamini? Haya ya kukubali kosa haiui mutu.

Sasa funga mashine, uende Mabanga. Usipige simu. Mwambie Léocadie: nilikosea, picha ya mama yako iko, kama angali muzima sijui. Usimuahidi kitu. Mupande pikipiki pamoja mpaka Kibati, usimuache aingie peke yake. Na kama bâche ni tupu, umuombe pardon palepale, na ubaki naye akilia.