Mkwaju wa Baba Yako Umezaa

Mkwaju wa baba yako umezaa mpaka matawi yameinama! Hadi watu wa Chanika wanakuja kuniomba. Haya, hujambo Zuhura, mjukuu wangu? Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Babu yako mzima, anakusalimu.

Unauliza kwa nini kimti chako cha kwenye bakuli kinapukutisha majani, nawe unakimwagilia kila siku. Umeuliza fundi!

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, baba yako alikuwa mchanga. Kitovu chake tulikizika kule tulikotoka, penye mche wa mkwaju, nami sikukubali kuuacha. Nikauchimba na udongo wake, nikautia kwenye chungu. Babu yako akacheka: "Wenzio wanabeba mahindi, wewe magugu!"

Kwa mapenzi, kila nikimwogesha mtoto, maji yale naumwagia mti wake. Majani yakaisha. Nikalia, nikidhani na mwanangu atanitoka.

Mama mkwe akaninyang'anya chungu. "Mtoto ananyonya vizuri, we mama! Mti ndio unazama. Uache uone kiu!" Akatoboa chungu chini, akakata mizizi iliyooza, akauweka nje. Tangu hapo nikawa nagusa udongo kwa kidole, nikiukuta mkavu ndipo naunywesha. Ukachipua, tulipopata kiwanja nikaupanda. Na baba yako mwone alivyo! Nani Handeni nzima ana mwana kama wangu?

Basi toboa bakuli, kimti kikae nje, nawe ukipende kwa mbali kidogo. Uje nacho nikione. Nawangoja nyote Jumamosi ya kwanza baada ya Idi.