Mkono wa Mama na Muhula wa Chuo

Jumatano, tarehe 14 Agosti. Asubuhi mawingu, baadaye jua.

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi wazima. Paka wako amezaa tena, safari hii ndani ya kabati langu.

Yule binti wa chuo kikuu aliyekuwa akija kila Jumatano kumnyoosha Mama mkono uliopooza ameacha kuja. Muhula umekwisha, na mafunzo yao ya kuhudumia jamii yamekwisha nao. Vidole vimeanza kukakamaa tena. Jumatano ikifika Mama bado anaupaka mkono mafuta, anakaa mlangoni, ananiuliza, "Kwani nimefeli?"

Juzi uvumilivu ulinishinda. Nikamwendea mhadhiri wao, kwenye jengo lenye marumaru mpaka chooni. Akaniambia kwa furaha kwamba binti amepata alama za juu kabisa.

"Amezipata kwa mkono wa mama yangu," nikasema. "Na mkono wenyewe je?"

Akavua miwani, akaniuliza nyumba yetu iko wapi.

Leo mhadhiri amekuja mwenyewe. Anasema atakuja kila Jumatano, muhula uwepo usiwepo, mpaka chuo kituletee mtu wa kudumu. Mama alimtazama akimnyoosha kidole kimoja kimoja.

"Mwanangu, una mkono mzito," akamwambia. "Yule binti alikuwa fundi. Wewe rudi Jumatano, alama nitakupa ukizoea."

Tulicheka sote. Jioni Mama akashika kikombe peke yake, kwa mkono uleule. Chai nusu ilimwagika, nusu akainywa.

Nalala sasa, saa nne na robo.

Dada yako