Timba la Tatu

Wodi ya Wanaume,
Kolandoto, Shinyanga.
Ijumaa, 7 Februari 2025.

Kwa mtani wangu Salehe, Nyahanga.

Mwangaluka, Mzigua wewe. Kabla hujasoma zaidi toa shikamoo, maana Msukuma ni babu yako hata kama tulizaliwa mwaka mmoja na tukala maharage ya wadudu katika bweni moja. Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Mwaisha naye goti lake linaendeleaje? Na yule jogoo wako anayewika saa nane mchana bado yu hai, au mmeshamtia chumvi?

Mimi nina afya ya fahali. Juzi tu nimeshuka duarani, shimo la dhahabu, futi mia na ishirini, nimegonga magogo yote ya matimba, nikapanda nikiimba. Vijana wa Mwakitolyo walibaki wameshika viuno, wakasema mzee huyu hakuzaliwa, alifuliwa na mhunzi.

Umeamini? Uongo mtupu. Hapo juu si nimekuandikia wodi ya wanaume? Nina mpira wa hewa puani kama ng'ombe aliyetiwa kamba, na kutoka kitandani mpaka chooni napumzika mara mbili. Lakini uongo huo nimeuanza makusudi. Ushike, usiutupe, utakutana nao tena huko mbele.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu uliifungia tangu mwaka 2021. Nikipiga, yule dada ananiambia hupatikani. Ana adabu kuliko wewe, walau yeye hujibu. Barua hii ataileta mjukuu wangu Zipora. Mpe chai na michembe kidogo, yeye hana kosa lolote.

Wiki iliyopita Theonest alitoka Geita kuja kuniona. Yule Mzinza wetu mwembamba aliyekuwa akipeperushwa na upepo paredi ya asubuhi, leo amekalia kiti cha wageni na kiti kikaomba msaada. Tukaanza kulihesabu darasa letu kwa majina, kama mwalimu wa zamu. Tulipofika kwenye mstari wa nyuma tukaacha, kwa sababu waliokuwa wakiitika "yupo" walibaki wachache kuliko vidole. Theonest alihesabu fedha za watu benki miaka thelathini, na sasa amestaafu anahesabu nguruwe. Anasema nguruwe hawapangi foleni na hawaulizi riba. Tukakucheka na wewe pia, mpima ardhi mkubwa, uliyewapimia watu viwanja kutoka Kahama mpaka Bukombe, kisha ukastaafu na kukuta kiwanja chako mwenyewe kina mgogoro wa mpaka na jirani.

Mimi, kama unavyojua, ndiye niliyemaliza shule mapema kuliko nyote. Kidato cha pili mtihani ulinikataa, na mimi nikaukataa. Mkuu wa shule alinitamkia mbele yenu kwamba kichwa changu kinafaa kubebea magogo. Kumbe alikuwa nabii! Miaka arobaini nimekuwa fundi wa matimba, nikipanga magogo kwenye maduara ya dhahabu ili kuta zisiwaangukie watu. Ninyi mlipostaafu mlipewa barua na saa ya ukutani. Mchimbaji mwanaapolo hapewi barua. Mwanaapolo anastaafishwa na kifua chake.

Baada ya kucheka, Theonest akawa anakunja na kukunjua kofia yake. Nikamwambia aseme tu, nguruwe wake hawapo hapa wasije wakamsikia. Ndipo akaniambia habari zako. Kwamba kila Ijumaa ukitoka msikitini huendi nyumbani, unakwenda makaburini kukaa kwa mwanao Swaleh mpaka alasiri. Kwamba umekonda, huongei barazani, Mwaisha amechoka kukubembeleza ule. Na kwamba ulimwambia yeye, kwa mdomo wako, kuwa wewe ndiye uliyemuua mwanao. Siku ile ulipomfokea kuwa mwanamume mwenye ndevu hangoji ugali wa baba yake, aende akatoke jasho kama wenzake. Yeye akaondoka, akaenda machimboni, na hakurudi kwa miguu yake.

Salehe, tangu Theonest aondoke sijala vizuri. Ugali wa hospitali hauna kosa. Kosa ni langu, na nakuomba uketi kabla hujaendelea.

Kwanza nikukumbushe mazishi ya mzee wako, mwaka 1996. Mzee Swaleh, fundi wa reli aliyetoka Handeni akazeekea Shinyanga, ambaye mwanao alirithi jina lake. Watu walikuwa wamenuna, kaburi limekamilika, mimi nikaruka ndani nikalala chali. Nikasema shimo hili zuri, Mzigua halistahili, alikuja kwetu na kikapu kimoja leo anataka shamba zima. Nikaigiza alivyokuwa akivuta tumbaku na kutukana treni ikichelewa. Wajomba zako walicheka wakalia, wakalia wakacheka. Nikagoma kutoka mpaka ukanipa jogoo. Uliponivuta mkono kunitoa ulikuwa na machozi mpaka kidevuni, ukasema mbele ya wote kwamba siku yangu ikifika wewe ndiye utakayelala kwenye kaburi langu, tena utakoroma.

Wazee wetu hawakuuweka utani bure. Mtani anapewa ruhusa ya kucheza na msiba kwa sababu moja tu: hana mkono katika kifo kile. Wengine wote msibani wanatazamana kwa pembe ya jicho, nani alisema nini, nani alimnunia marehemu. Mtani mikono yake ni mitupu, ndiyo maana anaweza kuzichekesha nyoyo zilizojaa.

Sasa njoo kwenye mazishi ya mwanao.

Nilikuja na nikatania. Niliichukua ile tepu yako ya kupimia viwanja, nikaingia kaburini, nikawa napima na kutangaza vipimo vya uongo. Nikasema kijana ameongezewa futi tatu kwa kumhonga mpima ardhi. Hakuna aliyecheka. Ukaja ukingoni, ukaninyooshea kidole, ukasema nitoke, leo huna mtani. Watu walinishika bega wakaniambia nisikuhesabie, ni uchungu wa mtoto. Mimi niliona kama macho yako yamenisoma mpaka ndani. Kumbe hukuwa umesoma kitu. Ningejua, labda ningekwambia palepale.

Ulipomfokea Swaleh, hakwenda machimboni kama kipofu. Alikuja kwangu. Alikuwa na cheti chake cha kompyuta ndani ya bahasha ya plastiki, anakilinda vumbi lisikiguse. Akaniambia, Baba Mkubwa, nipe miezi sita tu, nipate mtaji wa duka la vifaa vya simu, nirudi kwa baba nimletee kanzu mpya. Hakuwa na kinyongo nawe hata chembe. Alikuwa akikuigiza unavyovaa miwani kusoma ramani, duara zima linacheka. Aliniomba nisikwambie yuko wapi mpaka ile kanzu ipatikane, nikakubali. Hilo ni kosa la kwanza, na ni dogo.

Kubwa ni hili. Katika duara letu kulikuwa na sheria: asubuhi hakuna anayeshuka kabla ya fundi wa matimba. Fundi anashuka peke yake na nyundo. Anagonga kila timba, anasikiliza. Zima linalia ko, bovu linalia bu. Walioko juu wanahesabu mapigo ya nyundo, na tulikuwa na matimba arobaini. Fundi akipanda na kusema "Kweupe!", ndipo watu wanashuka.

Ilikuwa Aprili 2021, mvua ilinyesha siku mbili. Kifua changu kilikuwa kimeshaanza kunisaliti tangu mwaka uliotangulia, ila sikumwambia mtu. Ningewaambiaje, Mayala mimi, ninayejisifu kila kijiweni kwamba napanda futi mia bila kuhema? Wangenicheka, wangeniweka kuchemsha chai. Nikashuka. Timba la kwanza, ko. La pili, ko. La tatu, ko. Hapo pumzi ikakata. Nikakaa juu ya timba la tatu, giza chini yangu, juu turubai la mvua limeufunika mdomo wa duara, nikasubiri pumzi irudi. Haikurudi ya kutosha kushuka. Na juu nawasikia wanahesabu, wamefika tatu, wamenyamaza, wananingoja.

Nikagonga tena lilelile. Nne, wakasema juu. Nikagonga tena. Nililigonga timba la tatu mpaka wakafika arobaini, Salehe. Timba moja, zima kabisa, nililigonga kama ngoma. Halafu nikapanda polepole, nikajifuta jasho kabla kichwa hakijatokeza, nikasema "Kweupe!" Na haikutosha. Nikaongeza kwamba nina miaka sitini na saba na nimefika chini na kurudi, na wao watoto wa maziwa ya pakiti hawaniwezi.

Swaleh alicheka. Akaniambia, Baba Mkubwa, wewe utatuzika sote. Akashuka wa kwanza.

Liliporomoka timba la ishirini na ngapi sijui, kwa sababu sikulifikia. Wenzake wawili walikuwa bado juu yake, wakawahi kupanda. Watu wa duara wakasema ni kazi ya mvua. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya lundo la mawe na nyundo mkononi, hakuna aliyeniuliza neno. Nani amuulize Mayala? Mapigo arobaini wameyahesabu wenyewe. Na wewe ulipofika kuuchukua mwili nilikuambia, nikikutazama usoni, kwamba niliyagonga yote kwa mkono wangu.

Basi hukumuua wewe. Baba gani hajamfokea mtoto wake atafute kazi? Baba yangu alinifokea mpaka jirani akaondoka kutafuta kazi. Maneno yako yalimtoa nyumbani, ndiyo, lakini aliondoka akiwa na miguu, akili na mpango. Kilichomuua ni majivuno ya mzee mmoja aliyeona haya kusema nimechoka. Nenda makaburini Ijumaa ukipenda, kamsalimie, lakini usiende tena kama mshitakiwa. Mshitakiwa yuko Kolandoto, kitanda cha nne, karibu na dirisha.

Jana daktari alinigonga kifua kwa vidole viwili, akainamisha sikio, akasogeza, akagonga tena. Nikaisikia kazi yangu mwenyewe. Kulia, bu. Kushoto, bu. Akaanza kunieleza kwa upole kwamba mapafu yamejaa vumbi la mawe. Nikamwambia asijisumbue, mwanangu, fundi ameshasikia.

Nimewaambia wanangu, na Theonest anajua pia, kwa hiyo usidhani ni siri ninayokutwika peke yako. Ukitaka kunipeleka kwa wazee au kwa serikali, fanya hima, maana mshitakiwa wako hana muda mrefu. Ukitaka kuja kunitukana hapa wodini, saa za kuona wagonjwa ni mchana na jioni. Sikuombi msamaha kwa barua. Ningeuomba kwa magoti, lakini nikipiga magoti siinuki.

Zipora anakuletea tepu yako. Nimekaa nayo miaka yote hii, sijaipimia kitu. Msalimie Mwaisha, mwambie amsomee mume wake barua hii mara ya pili pale anapotaka kuichana. Wasalimie majirani wote, hata yule wa mgogoro wa mpaka. Theonest anakusalimu, na nguruwe wake wanakusalimu kwa mbali, wanajua huwali.

Kilichobaki ni kile ulichoniahidi mwaka 1996 mbele ya wajomba zako. Sidai jogoo. Sidai hata ukorome. Siku yangu ikifika, usiwaache wanishushe kwanza. Tangulia wewe, uingie kaburini na nyundo yangu, nimeshamwambia Zipora akupe. Gonga kuta zote nne, usirudie moja. Kisha upande, na kama moyo wako utakuruhusu, useme kwa sauti watu wasikie: kweupe. Usipokuruhusu, panda kimya kimya. Nitashuka tu. Ila uwe umegonga zote.

Ni mimi mtani wako,
Mayala Nkwabi,
aliyelala kitanda cha chini yako, bweni la pili.