Ndizi za Tunu

Bibi,

Shikamoo. Marahaba. Nimejiitikia mwenyewe, maana nikikusubiri wewe tutakaa hapa mpaka giza, na mimi nina habari inayoniwasha ulimi tangu juzi Ijumaa. Karibu nipasuke, nakwambia.

Nimekaa kihambani, kwenye migomba nyuma ya jiko lako, juu ya lile gogo ulilokuwa unachambulia maharage. Kaburi lako liko hapa mbele yangu na migomba imelifunika kivuli. Mama mdogo amepita akaniuliza naandika nini, nikamwambia ni kazi ya chuo. Usinicheke. Uongo wangu mwingine, mkubwa kuliko huo, ndio ulionileta hapa leo, na nitaufikia. Ila unanijua mimi, siwezi kuanza na jambo lenyewe.

Ungeanza kwa kuuliza kama nakula. Nakula, Bibi. Chuoni wanatupa ugali na maharage siku sita, ya saba wali. Ukichoka unatoka getini, kuna mama anakaanga chipsi mayai, anaweka kachumbari na pilipili inayokutoa machozi, na mimi na Zawadi tunachangia sahani moja. Zawadi ni yule wa Singida ninayelala naye chumba kimoja, aliyekuja Krismasi ile ukamshindilia kiburu cha ndizi na maharage mpaka akaomba kulala chini. Bado anakuongelea. Anasema hajawahi kuona bibi anayejua majina ya wanamuziki wa Kongo kuliko yeye.

Ukumbini tuna televisheni siku hizi. Jioni kuna tamthilia ya nchi za mbali huko, midomo inasema hili na sauti inasema lile, na kila mtu analia. Wasichana wa bweni zima tunajazana, mwingine na beseni la nguo, mwingine nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimesimama. Hakuna anayefua wala kusuka mpaka iishe. Halafu kuna bongo fleva. Hiyo ungeikataa, najua. Siku ile nilipokuwekea kaseti ukasikiliza mpaka mwisho, kisha ukauliza, "Huyu kijana anagombana na nani, na mbona hajibiwi?" Basi sasa nina daftari zima la mashairi ya hao wagomvi. Tunairudisha kaseti kwa kalamu ili tusimalize betri, tunasikiliza mstari mmoja mara kumi, tunaandika. Mimi na Zawadi tulinuniana siku tatu kwa sababu ya neno moja tu. Yeye alisikia "nimekoma", mimi nilisikia "nimegoma". Mpaka leo sijakubali.

Redio yako ninayo mimi. Bado imefungwa ule mpira mweusi tumboni, na betri naanika juani kama ulivyonifundisha. Ina kazi kweli pale chumbani. Isipokuwa Jumapili saa kumi. Saa kumi ya Jumapili nilikuwa nawaachia wenzangu, mimi nachukua ndoo nakwenda bombani kufua hata nguo zilizo safi. Tangu tukuzike sikuwahi kusikiliza mchezo wa redio wa Tunu. Zawadi alidhani ni huzuni, na huzuni ilikuwepo. Ila zaidi ilikuwa aibu. Nilikuwa namkimbia Tunu kama mtu niliyemwibia, na kweli nilimwibia.

Sasa nakiri, Bibi. Kaa vizuri.

Unakumbuka mchezo ulipofika pale Tunu amefukuzwa na baba yake, amepanga chumba Dar es Salaam peke yake, na mtoto amezaliwa. Tulikuwa hapa hapa jikoni, mvua inanyesha, mimi nimekuja likizo fupi ya mwaka wa kwanza. Tunu akawa anambembeleza mtoto redioni. Wewe ukaacha kumenya ndizi, ukainamisha sikio mpaka likagusa spika. Ukasema, "Huyu hajala. Sikia sauti inavyokatika. Huyu ni mzazi na hakuna mtu wa kumpikia."

Mimi, msomi wako, nikakueleza. Nikasema Bibi, ni mchezo, huyo ni mwigizaji, anasoma karatasi, jioni anarudi kwake anakula vizuri. Ukaniangalia kwa huruma kabisa, kana kwamba mjinga alikuwa mimi. Ukasema anayesoma karatasi naye ana tumbo.

Kesho yake asubuhi nikakuta mkungu wa ndizi mshare umeshakatwa. Ukautenga vichana, ukavifunga kwa majani makavu ya mgomba na kamba, ukaweka na kopo la samli uliyoitengeneza mwenyewe. Mzazi apikiwe mtori, hilo kwako halikuwa na mjadala, awe wa Kibosho, awe wa redioni. Siku hiyo nilikuwa narudi chuoni, basi ukanituma niupeleke mzigo stendi kuu, nimpe kondakta wa basi la Dar, nimwambie ni wa Tunu wa redio, kajifungua, aufikishe pale pale wanapotangazia.

Nilifika stendi, Bibi. Nilifika kweli. Nikasimama mbele ya basi na mzigo kichwani. Halafu nikawaona wenzangu wawili wa darasani, wamevaa jinzi zao za mitumba zilizonyooshwa pasi, na kondakta ananiuliza mzigo wa nani huu, dada. Ningesemaje? Kwamba bibi yangu anampelekea ndizi mtu wa mchezo wa redio? Nikasema nimekosea basi. Nikageuka na mzigo wangu mpaka bwenini kwetu Shirimatunda.

Tulizila zile ndizi. Nasema haraka ili iishe. Tulipika kwenye jiko la mchina la mafuta ya taa, chini ya kitanda, maana hairuhusiwi, wasichana wanane, na samli yako tukapaka kwenye mkate mpaka kopo likalambwa. Kilikuwa chakula kitamu kuliko vyote nilivyokula chuoni, na nilicheka sana siku ile nikiwasimulia ulivyoamini.

Jumamosi iliyofuata nikapanda huku. Hukuniuliza habari za mtihani wala za safari. Uliniuliza neno moja tu, "Zimefika?"

Nikasema zimefika. Nikaona haitoshi, nikaongeza kwamba Tunu ameshukuru sana, amesema mtori ulimrudishia maziwa. Ukapiga makofi. Ukaenda kuwatangazia jumuiya nzima, na wiki ile mkamwombea mtoto wa Tunu kwenye rozari, wamama watu wazima kumi na kitu wamepiga magoti. Mimi nilikuwa katikati yao naitikia.

Nilisema nitakwambia. Kila likizo nilisema hii ndiyo. Halafu mvua za masika zikaja, barabara ya Kibosho ikawa tope tupu, nikaitwa kwenye simu ya ofisi ya chuo, na nilipofika huku ulikuwa umeshalazwa sebuleni na kanga yako nzuri. Vijana walikubeba kwa mikono kutoka kanisani mpaka hapa kwa sababu gari lilikwama. Sikulia vizuri siku ile, Bibi. Kulikuwa na uongo katikati yetu, na mimi peke yangu niliujua.

Basi, sasa habari yenyewe.

Wiki mbili zilizopita serikali ya wanafunzi ikabandika tangazo kwamba kundi la mchezo linakuja chuoni, Tunu mwenyewe na baba yake yule mkali. Chuo kilirukwa na akili. Watu walipanga foleni ya kusukwa. Zawadi aliazima viatu vyumba vitatu. Mimi nikasema siendi, nina kufua. Zawadi akaninyang'anya ndoo.

Ijumaa wakaja. Baba mkali kumbe ni mtu mfupi, mpole, anacheka hovyo. Na Tunu, Bibi, aisee. Tulidhani ni mrefu, mweupe. Ni kadogo keusi, kana mwanya, kamevaa kitenge cha kawaida. Lakini alipofungua mdomo tu, ukumbi mzima ulipiga kelele, maana sauti ilikuwa ile ile. Nilikuona wewe na kisu chako na ndizi nusu imemenywa.

Baadaye tukapanga mstari atusainie picha. Nilikuwa nimepanga kusema asante na kuondoka. Ikafika zamu yangu, akauliza jina, nikasema Devota, akaanza kuandika. Na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikamwambia yote, wewe, mkungu, samli, kondakta, jinzi, jiko la mchina chini ya kitanda. Nyuma yangu watu wanasukuma. Nilijua atacheka, na nilitaka acheke ili yaishe.

Hakucheka. Aliweka kalamu chini. Akaniuliza bibi yako alisema hivyo lini, nikamwambia ni ile sehemu Tunu anambembeleza mtoto kwa mara ya kwanza. Akanishika mkono.

Bibi, alikuwa amejifungua kweli. Yesu na Maria. Waliandika mimba kwenye mchezo kwa sababu mwenyewe alikuwa mjamzito na pumzi ilimsaliti kwenye kipaza sauti. Siku ile uliyomsikia wewe, mtoto wake alikuwa na wiki tatu. Mama yake alishafariki, dada zake wako mbali, alikuwa amepanga chumba, anashindia chai ya rangi na mkate. Alirudi kurekodi mapema kwa sababu hakuwa na namna. Ile sauti kukatika haikuwa kwenye karatasi. Alisema watu wazima wote pale studio hawakujua kwamba hajala, tena walimsifu kwamba ameigiza vizuri.

Mwanamke wa Kibosho, na betri zilizoanikwa juani, alijua.

Halafu ndipo alipocheka, machozi yanamtoka. Akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye uliyekula mtori wangu." Nikasema ndiyo, mimi na wenzangu saba. Zawadi aliyekuwa nyuma yangu akajificha uso kwa picha.

Sikulala, na asubuhi ya jana, kabla kengele ya kanisa haijalia, nilikuwa hapa. Mama mdogo alidhani kuna msiba. Nikamwomba mkungu wa mshare, akanionyesha wa kule mpakani, nikakataa, nikataka wa shina hili hili la nyuma ya jiko, mtoto wa lile ulilokata wewe. Samli nilipata kwa jirani. Nikavifunga vichana kama ulivyofunga, vibaya kidogo, nikaubeba mzigo kichwani, nikashuka nao mjini na kupita nao katikati ya stendi mchana kweupe. Nilikutana na watu wa chuo wasiopungua sita. Mmoja akauliza ni za nani. Nikajibu kwa sauti kwamba ni za Tunu wa redio, alijifungua, zilichelewa kidogo.

Mpishi wa nyumba ya wageni walikofikia kina Tunu aliniachia sufuria na mwiko. Nilipika mwenyewe. Nyama ya kifuani, ndizi nikaziponda mpaka zikalainika, samli juu. Tunu alimaliza bakuli la kwanza bila kupumzika, na kwenye la pili akaanza kuongea. Na mtoto alikuwepo, Bibi, walikuja naye. Anakimbia, anavunja vitu, ana mwanya kama mama yake. Alikula mtori mpaka kwenye nyusi, kisha akalala pale pale juu ya mkeka na kijiko mkononi. Nilimwangalia yule mtoto nikawaza kwamba ile rozari niliyoitikia kwa uongo ilikuwa na mtu wa kweli mwisho wake, na mlikuwa mnamwombea yeye.

Tunu aliniuliza akutumie salamu gani. Halafu akajijibu mwenyewe. Akasema basi mwambie lile neno la uongo ulilomwambia kwanza, sasa ni la kweli.

Ndiyo maana niko hapa. Nimekuletea jani la sale la kuombea msamaha, nimelifunga fundo kama inavyotakiwa, nimeliweka hapa kichwani pako. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayeletewa sale hana ruhusa ya kukataa, hata kama ameuliwa ng'ombe. Kwa hiyo usinisumbue. Umenisamehe, tumemaliza, na nimelia vizuri leo, kwa sauti, mpaka mama mdogo amekuja mara ya pili kuuliza ni kazi gani hiyo ya chuo.

Na redio nimekuja nayo. Inakaribia saa kumi. Nimeiweka juu ya kaburi, spika imeangalia upande wako. Nimeshamdodosa Zawadi kilichotokea mwaka wote huu uliokosa. Baba mkali ameanza kulainika, ila bado hajamwita Tunu nyumbani, na leo watu wanasema huenda akamwita. Sikutaka kusikia bila wewe.

Mwezi wa saba namaliza chuo, nitapangiwa shule ya kufundisha, sijui wapi. Popote watakaponipeleka, sauti ya mtu ikikatika mbele yangu sitamwambia ni mchezo. Nitauliza kwanza kama amekula. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na ukisikia nimeivunja nitoe usingizini.

Pumzika, mke mwenzangu. Msalimie Babu, mwambie zamu yangu bado. Muziki wa kufungulia mchezo umeanza, lazima niweke kalamu.

Zimefika, Bibi. Kala zote.

Devota wako